Avelina Alihesabu Majiko

Nianze kwa kukiri, maana mkifika katikati mtajua wenyewe: Avelina nilimwonea wivu. Si wivu wa mume. Wangu alikwisha kufa na wake alimkimbia. Nilimwonea wivu wa watu. Kwa miaka kumi na minane mtu wa kukimbiliwa katika Mtaa wa Kwa Binti Saidi, huku Mbagala, nilikuwa mimi, Zuena binti Suleiman. Mtoto akipotea, walikuja kwangu. Kipindupindu kikiingia, walikuja kwangu. Mto ukimwaga maji bondeni, walikuja kwangu, na mimi ndiye niliyezunguka na mjumbe kuandika majina ya watu wa kupewa msaada. Halafu akaja mpangaji, tena mpangaji wangu mwenyewe, akaweka kigoda uani kwangu, na watu wakaanza kunipita mlangoni kumfuata yeye.

Alikuja miaka saba iliyopita na mtoto wake Brightson akiwa darasa la kwanza, godoro la futi tatu na nusu, na ndoo iliyojaa vitana. Kwao ni Muleba, Mhaya. Mumewe alikuwa dereva wa lori, ndiye aliyemleta Dar es Salaam na kumpangia chumba Tandika, halafu siku moja lori likaenda Tunduma lisirudi. Halikupata ajali. Mwenyewe alikuwa amepata nyumba nyingine huko, na Avelina akaletewa habari hizo na utingo. Aliponisimulia mambo hayo siku ya kwanza hakulia wala hakumtukana mtu. Aliuliza choo kiko wapi na kama naruhusu kusukia watu uani. Nyumba yangu ni hizi nyumba zetu za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, nyuma uani. Viwili nakaa mwenyewe, vinne napangisha. Nikampa cha tatu mkono wa kulia.

Kusuka anajua, haki yake simnyimi. Mistari yake ya twende kilioni inakaa wiki tatu na haimvuti mtu ngozi ya kichwa. Lakini si nywele peke yake zilizowaleta wanawake wote wale. Avelina haongei. Yeye anakaa kwenye kigoda, mteja anakaa mkekani mbele ya miguu yake, kichwa kimeinama, hawatazamani. Mteja anasema lake, Avelina anaitika "mm" na kuendelea kuchambua nywele. Mteja akimaliza, hajibu upesi. Kimya kinakaa hapo mpaka mteja mwenyewe anaona haya, anaongeza neno, na neno hilo la kuongeza ndilo lenyewe. Nimeyatazama hayo kupitia dirisha langu miaka saba. Nilikuwa najisemea kwamba mwanamke huyu ni mvivu wa kuongea tu, watu wanamsingizia hekima.

Mimi Mungu hakuniumba kwa kunyamaza. Nina kipaza sauti cha mkononi nilichopewa wakati wa kampeni ya vyandarua, na sauti yangu inajulikana kuanzia Barabara ya Kilwa mpaka ukingo wa mto. Chanjo ya watoto, ni mimi. Chemsheni maji, ni mimi. Watoto wa shule wakinipita walikuwa wananiigiza: "Wakazi wote mnatangaziwa." Nilijifanya nakasirika, kumbe napenda.

Masika ya mwaka juzi maji yaliingia bondeni mara tatu. Shirika moja la misaada likaleta magodoro, ndoo, sufuria na dawa ya kutibu maji, tukavigawa kwa orodha niliyoandika mimi na mjumbe wetu, mzee Jabiri, ambaye ana nyumba kubwa kule kule bondeni ingawa yeye mwenyewe anaishi huku juu. Baada ya mwezi shirika likasikia kwamba watu bado wanalala chini. Likamtuma mtafiti, kijana wa Mbeya anayeitwa Lusungu, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa matope yetu, aje aulize msaada unakwama wapi. Nilimzungusha mwenyewe nyumba hadi nyumba siku nne. Yeye anasoma swali kwenye tableti, mimi nimesimama pembeni, mtu anajibu mlangoni.

"Msaada ulikufikia?"

"Umefika, tunashukuru."

"Una malalamiko yoyote?"

"Hakuna, baba. Tunashukuru sana."

Siku ya nne tulikuja kupumzika uani kwangu. Lusungu akanambia, "Mama, watu mia na ishirini, wote wanashukuru. Sasa mbona nusu ya vyumba nilivyochungulia havina godoro?"

Nikamwambia watu wa bondeni wameyauza. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu, bila hata kufikiri. Kisha nikaingia ndani kumletea maji ya kunywa.

Niliporudi nilimkuta ameilaza tableti gotini, ametega sikio. Avelina alikuwa anamsuka Tunu, muuza samaki wa kukaanga, ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemjibu Lusungu kwamba anashukuru sana. Tunu alikuwa ameinama, hakuona nani yupo nyuma yake.

"Yule kaka wa tableti mie ningemjibu nini," alikuwa anasema, "na bi Zuena kasimama pale? Niseme sijapata? Kesho naonekana nina mdomo, na ukija msaada mwingine wananiruka."

Avelina akasema "mm." Mimi nikaweka kikombe chini kwa kishindo, na Tunu akanyamaza.

Wiki iliyofuata Lusungu alituita ofisi ya serikali ya mtaa. Alisema shirika linataka watu wawili wa hapa hapa wa kufanya nao kazi: mhamasishaji, na mtafiti wa jamii wa kukaa na watu na kuwasikiliza. Wa kwanza nilijua ni mimi. Wa pili nilijua pia ni mimi, nani mwingine? Nilikuwa nimevaa dera jipya kwa ajili hiyo. Ya kwanza akanipa; ya pili akamtaja Avelina. Mpangaji, darasa la saba, hata ukiukosea mtaa wetu kuuita hajui kukusahihisha. Wahenga wanasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni; huyu wetu alikuwa hana hata uzi. Nilipiga makofi kuwazidi wote waliokuwemo ofisini, na viganja viliniuma mpaka nafika nyumbani.

Tableti aliikataa. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Lusungu, "Watu mnawauliza wamesimama, kaka. Mtu aliyesimama anajibu ili uondoke." Akaomba aachwe asuke kama kawaida. Kila mteja alimweleza kwanza kwamba sasa anafanya kazi ya shirika, kwamba atakachosema kitaandikwa bila jina lake, na kwamba asiyetaka atasukwa vile vile. Hakuna aliyekataa. Saa kumi na moja jioni Lusungu alikuja, Avelina akamsimulia, yeye akaandika. Kazi gani hiyo, nilijiuliza. Mimi nalipasua koo juani tangu asubuhi, mwenzangu anakaa kivulini anavuta nywele na kuitwa mtafiti.

Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Nami nilishiriki. Nikawa nahesabu wanaoingia kwake: kumi na mmoja Jumatatu, kumi na wanne Jumanne. Nikawa natoka uani kuanika nguo zilizokwisha kukauka. Nilipotokea, mazungumzo yaligeuka kuwa bei ya nyanya. Hatimaye nikaona siwezi. Nikamwambia nywele zinaziba mfereji, uani kwangu si saluni, atafute pengine.

"Sawa, mama Naima," akasema. "Samahani kwa usumbufu." Akachukua kigoda, mkeka na ndoo ya vitana, akashuka navyo bondeni, uani kwenye nyumba ya mzee Jabiri. Nilidhani nimemkomoa.

Sasa lazima niseme habari za Naima, mwanangu wa pekee. Alipoachika alitaka kurudi kwangu na watoto wake wawili. Nilimwambia vyumba vina wapangaji, na tena mwanamke huvumilia. La kwanza lilikuwa kweli. La pili nililisema kwa ajili ya masikio ya majirani, nisionekane nimefurahia ndoa ya mwanangu kuvunjika. Alipanga chumba bondeni, kwenye nyumba hiyo hiyo ya mzee Jabiri, mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Hatukugombana. Kila Ijumaa wajukuu walikuja kula wali kwangu, na Naima akiulizwa hali anasema nzuri.

Kwa hiyo mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilimpeleka Avelina mlangoni kwa mwanangu. Siku chache baadaye nilikutana na Naima gengeni ana mistari mipya kichwani, imenyooka. Zamani nilikuwa namsuka mimi.

"Nani kakusuka?" nikamuuliza, hali najua.

"Mama Brightson."

"Kakubana sana."

"Hajanibana, mama," akasema, akachagua bamia zake akaondoka.

Siku hiyo sikula vizuri. Nilijiambia ni joto.

Mwisho wa mwezi Avelina alikuja kunigongea mchana. Alikaa kwenye mkeka, mimi kwenye kochi, akanisalimu shikamoo yake ya kila siku, ndipo akauliza, "Mama Naima, ile nyumba ya mzee Jabiri bondeni, kwenye orodha mmeiandika kaya ngapi?"

"Moja. Kaya ya Jabiri."

"Nimekaa pale wiki tatu. Jioni nahesabu majiko saba yanawashwa. Kila chumba kina jiko lake mlangoni, sufuria yake, na watu wake wanaokula pamoja."

Nikamweleza kama anavyoelezwa mtoto. Orodha inaandikwa kwa mwenye nyumba. Ndivyo tulivyoikuta na ndivyo tunavyofanya. Mpangaji leo yupo, kesho kahamia Kimara. Mwenye nyumba hahami. Mwenye nyumba anapokea, kisha anaangalia na wapangaji wake. Hiyo ni heshima, na huku kwetu watu wanaheshimiana.

"Mzee Jabiri alipewa godoro moja," akasema Avelina. "Akiangalia na wapangaji wake, alikate vipande saba?"

"Unanifundisha kazi?"

"Hapana, mama. Nauliza."

Nikamwambia nina usingizi. Alipotoka nilikaa pale pale nikahesabu nyumba za bondeni ninazozijua, na vyumba vyake, na nikaacha kuhesabu kwa sababu hesabu ilikuwa inampa haki yeye. Godoro la Jabiri nilikwisha kuliona, lipo sebuleni kwake huku juu, wanalalia wageni. Niliona haya, naam. Lakini haya yenyewe haikuwa kubwa kama hasira. Miaka kumi na minane natembea kwenye vichochoro vile, na aliyeona majiko ni yeye.

Lusungu akapanga siku ya mrejesho, yaani mkutano wa kuwasomea wananchi waliyoyasema wenyewe, wayathibitishe, kisha waamue njia mpya ya kuandikisha kabla mzigo wa pili wa msaada haujafika. Kutangaza nikapewa mimi. Mchawi mpe mwana kulea, ndivyo alivyodhani labda. Nilichukua kipaza sauti nikatangaza siku mbili mfululizo, asubuhi na jioni, sauti yangu yote. Nilitangaza huku juu. Nilifika mpaka pale barabara inapoanza kuinamia bondeni, nikageuka. Sikusema uongo hata neno moja, nilichofanya ni kutoshuka tu. Nilitaka Avelina asimame na karatasi zake mbele ya viti vitupu, Lusungu aone kwamba watu hawaji kwa sababu ya "mm".

Siku yenyewe viti havikuwa vitupu. Vilijaa wenye nyumba. Mzee Jabiri alikaa mstari wa mbele na bakora yake. Walipotimia arobaini hivi, Lusungu akatazama nyuma, akatazama saa.

"Watu wa bondeni?" akauliza.

"Wametangaziwa," akajibu mzee Jabiri. "Asiyekuwapo na lake halipo. Tuendelee, bwana mdogo."

Avelina aligeuka akanitazama. Hakukunja uso. "Mama Naima, bondeni ulishuka?"

"Kipaza sauti kiliisha betri," nikasema.

Akanyamaza. Watu wote wakanyamaza naye. Nilijua kabisa ananifanyia nini, nimemwona akiwafanyia wenzangu miaka saba, na bado nikaongeza neno.

"Tena njia ilikuwa na utelezi."

Mvua haikuwa imenyesha wiki tatu. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine akacheka kidogo. Avelina hakucheka. Aliinama, akashika benchi moja upande mmoja, akamwambia Lusungu ashike upande wa pili, wakaanza kushuka nalo bondeni. Baadhi ya wanawake wakabeba viti vyao kichwani, wakafuata. Wenye nyumba walibaki wakitazamana, kisha nao wakainuka, maana hakuna aliyetaka yasemwe asiyasikie. Nikafuata mwisho kabisa, kipaza sauti kwapani, betri zake mpya.

Mkutano ulifanyika uani kwa mzee Jabiri na kumwagika mpaka njiani. Walikuja waliokuwa wanafua, waliokuwa wanachambua mchele, wanaume waliolala mchana baada ya zamu. Naima alisimama mlangoni kwake, mtoto mdogo mgongoni. Lusungu alieleza kwamba hakuna jina litakalotajwa, kisha Avelina akaanza kusoma. Anasoma polepole, anafuata mstari kwa kidole. Alisoma habari ya mwanamke aliyelalia maboksi kwa sababu godoro la nyumba lilipokewa na mwenye nyumba. Alisoma ya mzee aliyejiandikisha kwa jina la marehemu mwenye nyumba ili apate ndoo. Watu walikuwa wanaitikia, "Ndiyo, ni kweli." Halafu akasoma ya tatu.

"Mwanamke, amepanga, watoto wawili, mkubwa ana pumu. Anasema: maji yaliingia asubuhi, yakafika kiunoni. Niliwapandisha watoto juu ya kabati, nikawa nimesimama majini namshikia mkubwa dawa yake ya kuvuta. Nilimsikia mtangazaji anapita barabarani kule juu, anasema wakazi wa bondeni hameni, hameni. Nikasema akimaliza atashuka. Sauti ikaenda mbele. Mara tatu maji yameingia na mara tatu sijaandikwa. Ningeweza kumwambia anayeandika, lakini simwambii, kwa sababu atanijibu."

Watu wakaitikia kama walivyoitikia zile nyingine. Hawakujua. Mjukuu wangu Twaha ana pumu. Kabati lile la mninga nililinunua mimi, la harusi. Naima aliniambia siku ile maji yaliishia kizingitini. Na palipoandikwa mtangazaji, nilijua kabisa Naima alisema mama. Avelina alikuwa amelitoa neno hilo ili nisiaibike mbele ya watu.

Mtadhani kilichonichoma ni watoto juu ya kabati. Hicho kilikuja, na mpaka leo kinakuja nikiwa napika, nikiwa naswali. Lakini cha kwanza, Mungu anisamehe, kilikuwa kwamba alimwambia yeye. Kwamba maneno hayo yalikuwamo tumboni mwa mwanangu miezi yote hiyo, na kila Ijumaa alikula wali kwangu akasema nzuri, kisha mtu wa Muleba akamshika nywele na yote yakatoka. Nilimtazama Naima. Alikuwa anatazama miguu yake.

Mkutano uliamua kwamba kuanzia sasa wataandikwa kwa majiko: jiko moja, kaya moja, mwenye nyumba awe na lake kama ana watu anaopika nao. Mzee Jabiri alipinga, akasema majiko hata mwizi anaweza kununua manne. Wenye nyumba wengine waliguna pamoja naye. Lakini walikuwa wamekaa katikati ya wapangaji wao, uso kwa uso, na kuguna kukaisha. Lusungu akauliza nani atatangaza siku ya kuandikisha. Watu wakageuka kumtazama Avelina.

"Atangaze mama Naima," akasema. "Mie sauti yangu haifiki hata kwa jirani."

Hata wema wake niliuonea wivu, maana mimi nisingeuweza. Nilitangaza. Nilishuka mpaka ukingo wa mto, kila kichochoro, nikapita dirishani kwa Naima mara mbili, na mara zote mbili pazia lilikuwa limeshushwa.

Tuliandikisha siku tatu. Mzee Jabiri hakukosea sana kuhusu majiko. Nyumba moja tulikuta mwanamke mmoja ana matatu yamepangwa mlangoni. Avelina aliinama, akapitisha kidole ndani ya lile la pili na la tatu, akakitoa kisafi. "Haya bado hayajaonja moto, dada," akasema, na mwenyewe akacheka akayarudisha kwa aliyemwazima. Mimi ningempigia kelele mpaka mtaa wa pili. Niliona kazi inakwenda, na niliona kwamba vyumba vingi nilivyokuwa nikivipita miaka yote vina watu ninaowafahamu sauti tu.

Lusungu alikuwa ameweka sharti: mtu haandiki ndugu yake. Fomu inajazwa na mmoja, inasainiwa na mwingine. Kwa hiyo tulipofika kwa Naima, Avelina aliingia na mimi nikabaki kwenye korido, nimeegemea ukuta, alama ya maji ukutani ikiwa imenifika juu ya kiuno. Mlango ulikuwa na pazia. Niliwasikia. Swali fupi, kisha mwanangu anaongea. Aliongea kuhusu pumu ya Twaha, kuhusu kazi ya kupika kwenye shughuli za watu, kuhusu ndoto ya kuhamia nyumba iliyo juu kidogo. Aliongea kuliko nilivyomsikia akiongea tangu aachike. Mara moja wakacheka wote wawili. Nilitamani kuingia, na nilikuwa na jibu la kila alichokisema, nikiwa nimesimama pale, majibu tele.

Avelina akatoka na fomu. "Sahihi yako hapa chini, mama."

Mimi sisaini nisichokisoma. Jina la mkuu wa kaya, Naima. Watu watatu. Jiko moja. Ugonjwa sugu, pumu, mtoto. Chini yake palikuwa na mstari: mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura. Palikuwa na namba ya Avelina, jina lake, na penye uhusiano mwanangu alikuwa ameandika mwenyewe, kwa mwandiko wake ninaoujua tangu darasa la kwanza: dada.

"Wewe ndiye uliyemwambia akuandike?" nikamuuliza.

"Nilimtajia wewe, mama. Nilimuuliza mara mbili."

Nilimwamini, na ningefurahi zaidi kama angekuwa mwongo. Nikasogeza pazia. Naima alikuwa amechuchumaa, anapepea mkaa, mtoto mdogo kalala kwenye khanga nyuma yake. Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Kwa mara ya kwanza nikaimeza, nikabakiza maneno machache.

"Naima. Maji yakija tena, unipigie na mie."

Akaendelea kupepea mpaka mkaa ukashika. Hakuwa na hasira, ingekuwa afadhali.

"Nilikupigia, mama," akasema. "Siku ile, mara sita. Ulikuwa unatangaza."

Nilisubiri aongeze neno. Hakuongeza. Avelina akanipa kalamu, nami nikasaini pale panapotakiwa mhamasishaji.